Mavazi ya Mama Zetu katika Rangi za Maji

Makala yetu ya leo ni ya taarikh, na habari yake ni ya nguo: nguo za wanawake wa pwani yetu, na namna zilivyoingia katika karatasi za wachoraji kwa rangi za maji. Huenda ukasema, "Sheikh leo amepotea njia, ameacha fiqhi akaenda kwenye picha na kanga." La, sikupotea. Nguo ni neema aliyoitaja Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-A'raf kuwa ni sitara na ni pambo, kisha akaitaja nguo ya ucha Mungu kuwa ndiyo bora. Na picha ni jambo ambalo dini yetu ina maneno nalo tangu zama za Mtume (s.a.w.). Basi mambo mawili haya yakikutana juu ya karatasi moja, mwalimu wa dini ana haki ya kusogea akatazama.

Tuanze na rangi zenyewe. Rangi za maji ni unga wa rangi uliosagwa laini sana, ukachanganywa na gundi ya mgunga, kisha ukalainishwa kwa maji na kupakwa kwa brashi juu ya karatasi. Mtu aliyelelewa vyuoni hatashangaa kusikia hayo, kwa kuwa wino wa kizamani ulikuwa ni masizi na gundi hiyo hiyo na maji. Wazee wetu wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, walinakili misahafu katika karne ya 18 na ya 19, wakazipamba kurasa zake kwa mapambo mekundu, meusi na ya manjano, kazi ambayo mpaka leo wataalamu wanaisafiria kuja kuitazama. Kwa hiyo rangi ya maji haikuja pwani hii ndani ya kisanduku cha bati cha Mzungu. Tuliijua. Walakin wazee wetu waliitumia kulipamba Neno, hawakuitumia kuchora uso wa mtu.

Rangi hii ina tabia zake, na asiyezijua hataielewa picha anayoitazama. Rangi ya mafuta ni nzito, ukikosea unapaka nyingine juu. Rangi ya maji ni nyepesi, mwanga huipenya ukafika kwenye karatasi na kurudi, na ukikosea kosa linabaki palepale. Nyeupe kwa desturi haipakwi. Nyeupe ni karatasi yenyewe iliyoachwa. Kwa hiyo mchoraji akitaka kuichora leso nyekundu yenye madoa meupe, hapaki madoa. Hupaka wekundu ukizunguka, doa baada ya doa, na mkono ukitetemeka leso nzima imeharibika. Kitambaa chepesi, kama ukaya waliokuwa wakijifunga mama zetu wa zamani, hutoka vizuri mno, kwa sababu rangi yenyewe ni kama ukaya: unaona kilicho nyuma yake. Nyeusi ndiyo tabu. Buibui likipakwa weusi mtupu huwa kama shimo katika karatasi. Ndiyo maana mchoraji hutia nili katika mikunjo na hudhurungi pembeni, na kijana wa leo akitazama hudhani bibi yake alikuwa akivaa buibui la samawati.

Sasa swali ambalo najua limekwisha kukujia: je, picha hizi zinafaa? Utaikumbuka hadithi ya Mama Aisha (r.a.), iliyomo katika Bukhari na Muslim. Alitundika pazia lenye picha, Mtume (s.a.w.) aliporudi safari akalichukia na kuliondoa, na Mama Aisha akalikata akafanya mto au mito miwili. Na Ibn Abbas (r.a.) alipojiwa na mtu ambaye maisha yake yalikuwa kwa kazi ya kuchora, alimwelekeza kwenye miti na vitu visivyo na roho. Ulamaa wamezungumza mengi juu ya hayo, na khitilafu zao zina vitabu vyake. Mimi nataka uangalie jambo moja tu katika hadithi ya kwanza: kitambaa hakikutupwa. Picha iliondolewa mahali pa kutukuzwa, nguo ikabaki na kazi yake nyumbani. Na nguo, ewe msomaji, haina roho. Kanga iliyoanikwa kambani, kasha lililofunguliwa, pindo, shela iliyokunjwa, hivi ni katika vitu alivyoviruhusu Ibn Abbas. Kilichowatia wachoraji matatani ni kwamba walitaka na uso wa mwenye nguo.

Na wapo walioutaka uso hata wasipoupata. Mwingereza mmoja, John Frederick Lewis, alikaa Cairo miaka kumi, tangu 1841 hadi 1851. Alikuwa fundi, tusimdhulumu. Mwaka 1850 ilionyeshwa London picha yake ya rangi za maji iitwayo The Hhareem, na watu wakaistaajabia: hariri, tarizi, na mwanga unaopita katika dirisha la mbao zilizochongwa ukaanguka vipande vipande juu ya nguo. Wapaka rangi wachache wameijua nguo ya Mashariki kama yeye. Walakin jiulize, mwanamume mgeni aliingiaje ndani kwa wanawake wa Kiislamu? Hakuingia. Chumba alikitunga, na inasemekana kuwa mkewe mwenyewe, Marian, ndiye aliyemkalia katika baadhi ya picha zake. Basi nguo ni za kweli na nyumba ni ya kubuni. Tena katika picha hiyo yupo mjakazi anayefunuliwa nguo mbele ya bwana na wake zake, na watazamaji wengi kwa miaka mingi wamesifu hariri, wakampita yeye kama kwamba ni mto wa kuegemea. Jambo hili ulishike, nitalirudia.

Hapa kwetu mchoraji mashuhuri wa mavazi alikuwa mwanamke, na tofauti hiyo si ndogo, maana mwanamke ana mlango ambao Lewis hakuwa nao. Jina lake ni Joy Adamson. Wengi mnamjua kwa habari za simba Elsa na kitabu chake cha mwaka 1960, lakini kabla ya simba alikuwa mtu wa brashi. Alizaliwa mwaka 1910 katika mji wa Troppau, uliokuwa katika dola ya Austria na Hungaria na ambao leo uko Ucheki kwa jina la Opava. Alifika Kenya mwaka 1937. Mumewe wa pili, Peter Bally, Mswisi aliyekuwa mtaalamu wa mimea, ndiye aliyemtia moyo kuchora maua, na kwa maua hayo alipata nishani London mwaka 1947. Kisha serikali ya kikoloni ya Kenya ikamwajiri achore watu wa nchi katika mavazi yao ya jadi, kabla, kama walivyosema wenyewe, mavazi hayo hayajapotea. Kazi hiyo aliianza mwishoni mwa miaka ya 1940 akaendelea nayo miaka kadhaa, akiingia bara na pwani, na akatoa picha zaidi ya 500. Nyingi zimehifadhiwa katika makumbusho ya taifa Nairobi, na mwaka 1967 alitoa kitabu chake, The Peoples of Kenya. Aliuawa huko Shaba mwezi wa Januari mwaka 1980.

Sitaki kuificha ajabu moja. Serikali ile ile iliyotoa fedha watu wachorwe kwa uzuri wa shanga na nguo zao, mwaka 1952 ilitangaza hali ya hatari na kuwatia maelfu ya watu wale wale katika kambi za kizuizi. Iliyapenda mavazi kuliko wavaaji. Kosa hilo si la bibi yule mwenye brashi, lakini anayezitazama picha zake bila ya kulijua hilo amezitazama nusu.

Haya, turudi kwenye nguo. Neno lililoniudhi katika shughuli yote ile ni neno "jadi". Mchoraji aliambiwa atafute vazi la jadi, na leo mabinti zetu huzitazama picha za miaka ile wakasema, "Hili ndilo vazi letu la asili." Katika harusi nimesikia watu wazima wakigombana kwa ajili hiyo, mmoja ameshika picha na mwingine ameshika maneno ya bibi yake. Basi natuulizane: kama mchoraji angalikuja pwani hii kila baada ya miaka hamsini, angalichora nini?

Akija mwaka 1331 pamoja na Ibn Battuta, angaliikuta Mogadishu ikifuma vitambaa vyake yenyewe, vitambaa vilivyosifiwa na kupelekwa mpaka Misri. Kilwa nako wachimbuzi wamekuta vigae vya vyungu vilivyochongwa mviringo na kutobolewa katikati, vya kusokotea pamba. Pate ilikuwa na nguo zake za hariri ambazo Wareno walizijua na kuzifanyia biashara. Yaani tulikuwa wafumaji kabla hatujawa wanunuzi.

Akija kati ya 1846 na 1848 angalikutana na nahodha Mfaransa Charles Guillain, ambaye kweli alipita pwani hii na baadaye akachapisha picha za watu wake. Zitazame picha za chapa za Guillain na utafute kanga: huioni. Haijazaliwa. Wakati huo kitambaa kilichotawala kilikuwa merikani, pamba ngumu isiyopaushwa iliyoletwa na merikebu za Marekani baada ya Sayyid Said kufanya nao mkataba wa biashara mwaka 1833. Na pamoja nayo kaniki, iliyotiwa nili, nguo ya mtu wa kazi. Vita vya wao kwa wao huko Marekani, 1861 hadi 1865, vikaikata merikani, na viwanda vya Bombay na Manchester vikaingia pahala pake.

Akija miaka ya 1880 ndipo angaliiona kanga mpya. Wanawake wa pwani walikuwa wakinunua vitambaa vya leso, jina lenyewe likiwa la Kireno, wakavikata na kuvishona sita pamoja, vitatu juu na vitatu chini, mpaka wafanya biashara wakaona bora kupiga chapa nguo nzima. Yenye madoa meupe ikaitwa kanga kwa mfano wa ndege yule. Mombasa wameshika jina la leso mpaka leo. Duka la Kaderdina Hajee Essak, lililofunguliwa Mombasa mwaka 1887, likajulikana kwa chapa ya Mali ya Abdulla. Maneno yalipoanza kutiwa katika kanga yaliandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu, kwa kuwa ndizo mama zetu walizozisoma vyuoni. Herufi za Kirumi zilikuja baadaye. Nguo nyingi zilipigwa chapa Bara Hindi, Uingereza, Uholanzi, na baadaye Japani. Lakini aliyeamua ipi inunuliwe na ipi ioze dukani alikuwa mwanamke wa Lamu, Mombasa na Unguja. Mfanya biashara aliyepuuza rai yake alifilisika.

Basi Bibi Adamson alipofika pwani na kisanduku chake, kanga ilikuwa na umri wa miaka sabini hivi, na buibui, lililokuja kutoka upande wa Arabuni mwanzoni mwa karne ya 20, lilikuwa na miaka hamsini au chini yake. Mchoraji husimamisha siku moja. Si kosa lake, brashi haina uwezo zaidi ya huo. Kosa ni letu sisi tunaoichukua siku moja tukaifanya milele.

Na kabla ya buibui kulikuwa na nini? Hapa, ewe msomaji, ndipo penye uzito wa makala haya. Huko Lamu mwanamke wa nyumba kubwa alipotoka alijisitiri kwa shiraa. Neno hili kwa Kiarabu ni tanga la chombo, na kweli lilikuwa kama tanga au hema: kitambaa kilichotandazwa juu ya miti, bibi akitembea ndani yake asionekane. Ukiiona picha ya shiraa, iwe ya brashi au ya kamera, utasema, "Maashallah, sitara iliyoje!" Nami nakuomba uitazame tena, safari hii uitazame miti. Miti ile haikujishika. Ilishikwa na wajakazi, na wao hawakuwa ndani ya hema. Sitara ya mmoja ilibebwa na mwingine asiyesitiriwa. Ada ya mji haikumruhusu mjakazi kujifunika kama bibi yake. Ni yule yule mjakazi wa picha ya Cairo, amefika Lamu.

Unguja hukumu za utumwa zilifutwa mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Tazama sasa nguo zilivyofanya. Waliokuwa watumwa waliiacha kaniki, wakaishika kanga, kila mmoja kwa doti yake aliyoinunua kwa jasho lake. Kisha wakaingia ndani ya buibui. Na buibui halina miti wala halihitaji mtu wa kulibeba. Likivaliwa, aliyekuwa bibi na aliyekuwa mjakazi wanapita njia moja na huwezi kuwatambua. Wapo mabibi wa wakati ule waliochukizwa na hilo. Mimi nikisoma taarikh hii huona kwamba nguo nyeusi ile, ambayo mchoraji huiona tabu na mgeni huiona kiza, kwa bibi zetu wengi ilikuwa ni hati ya uhuru. Rangi ya maji haikuweza kuionyesha, kwa sababu katika karatasi ni weusi tu.

Nisije nikaonekana nazichukia picha. Zina faida ambayo hakuna kitu kingine kilichotupa. Picha za kamera za zama zile karibu zote ni nyeusi na nyeupe. Kisutu cha harusi, ambacho uzuri wake wote ni wekundu na weusi na weupe kukaa pamoja, katika picha hizo ni kijivu juu ya kijivu. Wachoraji waliokaa mbele ya nguo wakachanganya wekundu mpaka ukalingana, hao ndio waliotuhifadhia rangi. Hata hivyo karatasi nayo haina dhamana. Rangi za maji hufifia kwenye mwanga, na unyevu wa pwani na wadudu haviogopi makumbusho.

Na liko jambo jingine ambalo brashi haijui, nalo ni jina. Chini ya picha utakuta kabila la mtu na labda mji wake. Hukuti nguo inaitwaje, ilivaliwa siku gani, nani aliitoa na nani aliipokea. Kanga mbili zenye rangi moja, moja ni ya mahari na nyingine ni ya kumjibu jirani; aijuaye tofauti ni mwenye kasha. Mtu wa Nairobi au wa London anaweza kuhesabu madoa, lakini hawezi kukwambia kwa nini nguo ile ilivaliwa mara moja tu kisha ikakunjwa pamoja na udi isivaliwe tena. Hata neno buibui limekwisha kuhama: lile la zamani lilishonwa mviringo, likafungwa kwa kamba kichwani na kuzungushwa mwilini, linaloitwa buibui leo ni vazi jingine, lenye mikono, nalo limekuja kwa ndege kutoka Ghuba. Mwenye kuijua kamba ile ilivyofungwa leo ni mwanamke wa miaka sabini na kuendelea.

Kwa hiyo nimewaambia mabinti wanaosoma kwangu, wale wenye mkono mzuri, kwamba kama mnapenda rangi za maji basi ifungueni kasha ya bibi kwa idhini yake, chora nguo, uso uuache. Tazama pindo, tazama mji wa kanga, soma jina lake. Likiwa kwa herufi za Kiarabu, jua umeshika kitu cha zamani, na usikianike juani. Andika chini ya karatasi jina la nguo na la aliyeivaa, na habari yake kama anavyoieleza yeye, si kama mnavyopenda nyinyi.

Mmoja wao amekwisha kuleta karatasi kumi na moja. Kisutu chake kimetoka vizuri, ukaya umetoka vizuri zaidi, na buibui lina samawati nyingi kuliko nipendavyo. Katika karatasi ya kumi amechora kipande cha kaniki kuukuu kilichokuwa chini kabisa ya kasha, chini ya hariri. Jina la aliyeivaa ameliacha wazi, kwa sababu bibi yake alipoulizwa alinyamaza kitambo, kisha akasema aje tena baada ya Ijumaa.